Usiiue thredi, iambie imalize

Najua nimepotea, zamu za usiku hapa Maskati zimenibana. Leo namjibu mdogo wangu wa Dodoma, amenipigia mara tatu kulalamika kuwa Java "imemgomea". (Kwa wasiojua: siku za mapumziko najifunza programu, ndiyo maana ananisumbua mimi.)

Anaandika programu ya duka la dawa. Ndani yake kuna thredi, yaani kazi zinazokwenda sambamba. Moja inapunguza dawa stoo, kisha inaandika kadi ya mgonjwa. Ikichelewa, anaikata kwa stop(). Sasa Java inakataa, naye anaona ni ubabe.

Mimi nasema Java wamefanya vizuri, tena wamechelewa! Walianza kuonya kuhusu stop() mwaka 1998, na toleo la 20, mwaka 2023, ndilo lililoizima kabisa. Ubaya wake ni kwamba inakata thredi popote ilipo na kuachia kufuli zilizozuia wengine wasiguse data. Vidonge 20 vimetoka stoo, kadi haijaandikwa, thredi nyingine inaingia na kusoma ikidhani mambo ni sawa. Wodini tunaijua hiyo... dawa imetolewa, chati tupu, anayepokea zamu anatoa tena. Na Java iko kwenye mambo ya wagonjwa kweli: OpenMRS, mfumo wa rekodi ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, umeandikwa kwa Java.

Njia yenyewe ni interrupt(). Haiui, inaweka alama tu ya kuomba thredi iache. Thredi iangalie alama baada ya stoo NA kadi, si katikati. Ikiwa imelala kwa sleep(), inaamshwa na InterruptedException, na hapo ndipo mdogo wangu anapoharibu: catch tupu! Alama imeshafutika, ombi limemezwa, kazi inaendelea. Ni nesi anayezima kengele ya mgonjwa akarudi kulala. Kama hapo huwezi kuacha, rudisha alama kwa Thread.currentThread().interrupt().

"Dada, je isiposikia kabisa?" Kweli, thredi ya kawaida iliyokwama kusoma soketi haisikii interrupt(). Ifungie soketi, itatoka yenyewe na kosa lake.

Haya mdogo wangu, nitumie hiyo catch niione kabla hujaipeleka dukani. Mama, nitapiga Ijumaa, leo naingia zamu saa moja usiku.