Safari ya Likizo Haiishi Kituo cha Basi

Mwezi wa Juni huku kwetu mlimani ni mwezi wa ukungu. Nguo hazikauki, watoto wanakohoa, na Kibo yaweza kujificha juma zima. Shule zikifungwa, si ajabu familia ikafunga mizigo na kushuka kutafuta jua: Tanga kwa shangazi, Pangani baharini, Mwanza kwa baba mdogo, au walau Chemka kuogelea na kurudi jioni. Zamani tuliyaona mambo hayo kuwa ya Wazungu na ya wenye nafasi. Siku hizi hata majirani wanachangishana, wanakodi Coaster, na watoto wanaimba toka Himo mpaka Korogwe.

Sisi wauguzi twafurahi kuona hivyo. Twalisema hili mapema kwa sababu wako wanaodhani kwamba muuguzi akishika kalamu ni kukataza tu. La hasha! Baba ambaye mwaka mzima watoto humwona usiku tu, huonekana mtu mwingine kabisa akiwa amekunja suruali anawafundisha kuogelea. Na asiye na nauli ya kwenda mbali, maporomoko ya Materuni yako hapa hapa; kushuka na kupanda njia ile kunaupa moyo na mapafu kazi nzuri kuliko kukaa mbele ya televisheni. Kwa hiyo hatukubaliani na bibi zetu wanaosema, "Mtoto akae nyumbani, huko chini kuna homa." Homa ipo kweli. Lakini dawa yake si kumfungia mtoto mlimani.

Tuwasimulie jambo moja, ingawa halitupi sifa. Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Julai, mama mmoja alimleta kwetu binti yake wa miaka sita. Mtoto alikuwa na homa, kichwa kilimuuma, na alikohoa kidogo. Siku hiyo benchi zima la wagonjwa wa nje lilikuwa linakohoa. Tukampima joto, tukampa dawa ya kifua na ya kushusha homa, tukamrudisha nyumbani. Mama hakusema neno juu ya safari, nasi hatukuuliza. Usiku wa pili waliletwa na gari la jirani, mtoto anapigwa degedege, hamtambui mama yake. Kipimo cha damu kilionyesha malaria kali. Ndipo baba aliposema kwamba walikuwa Pangani, lakini, "hayo yamepita, Sista, tumerudi siku nyingi, kama majuma mawili." Alichomwa sindano za artesunate na kuongezewa damu, akalala wodini siku tisa. Alipona, tunashukuru. Wazazi hawakutulaumu. Sisi tulijilaumu, na toka mwaka ule swali letu la kwanza kwa kila mwenye homa ni hili: mmesafiri mwezi huu?

Neno la yule baba, "hayo yamepita," ndilo lililotufanya tuandike ukurasa huu. Malaria haitembei kwa haraka ya basi. Mbu anamwuma mtoto usiku akiwa amelala. Vimelea vinakwenda kwanza kwenye ini, vinazaana humo kimya, ndipo vinaingia katika damu. Homa haianzi kabla ya siku 7. Kwa kawaida huanza kati ya siku ya 10 na ya 15, na pengine huchelewa hata mwezi. Hesabuni wenyewe: familia iliyokaa Tanga siku kumi, itaugua ikiwa imekwisha kurudi kwenye ukungu, watoto wamevaa sweta, na kila mtu anasema ni mafua ya baridi. Tena likizo ya Juni inafuata mara tu baada ya masika, wakati ambapo madimbwi ya pwani yamezaa mbu tele.

Lipo na jambo la kinga. Mtu mzima wa Muheza aliyeumwa na mbu hao tangu utotoni anayo kinga fulani, ingawa si kamili. Malaria yaweza kumpitia kama uchovu tu. Mtoto wa mlimani hana kinga hiyo. Hata mama aliyezaliwa Muheza na kuolewa huku miaka ishirini iliyopita asijivunie damu ya kwao, maana kinga isiyotumika hupotea. Tumekwisha kuwalaza kina mama wa namna hiyo, nao wakashangaa sana.

Sasa tuje kwenye chandarua, kwa maana hapa ndipo adabu inapogombana na afya. Tunajua wageni wanavyolala. Shangazi ana chandarua kimoja au viwili, navyo viko juu ya vitanda vya wenyeji. Wageni ni saba. Watoto wanatandikiwa mkeka sebuleni, wanacheka mpaka usiku wa manane, na mbu wanakula. Tukiwauliza akina mama kwa nini hawakuchukua chandarua chao, jibu ni moja: "Wifi angesema nimemdharau nyumba yake." Jamani! Wifi huyo huyo ndiye atakayelia kwa simu mtoto akizidiwa. Mwambieni mapema na kwa heshima, kabla ya kuanza safari: "Wifi, watoto wetu ni wa baridi, hawajazoea mbu wa huko, twaja na vyandarua vyao." Kwa jinsi tunavyowafahamu watu wa pwani kwa ukarimu, atawatafutia misumari yeye mwenyewe. Chukueni chenye dawa, kile kikubwa kinachofunika watoto watatu mkekani, pamoja na kamba ndefu, na ncha zake zikunjwe chini ya mkeka. Chandarua kiwe kitu cha kwanza kuingia katika begi, kabla ya viatu vipya.

Na wale wanaowatuma watoto peke yao kwa ndugu, mmewapa nini zaidi ya nauli? Mtoto wa miaka kumi hataomba chandarua kwa mjomba. Mzazi apige simu.

Juu ya maji tutasema machache tu. Bahari haina kichocho; lakini kando ya Ziwa Victoria, na katika mifereji ya mashamba ya mpunga hapa bondeni, kichocho kipo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji yasiyo ya chumvi na kupenya ngozi kwa dakika chache, hasa jua likiwa kali. Aliyeoga huko apimwe baada ya majuma 6 hadi 8, kwa sababu dawa ya praziquantel huua minyoo iliyokwisha kukomaa. Ziwa Chala ni zuri kutazama kutoka juu, na lina mamba: mwaka 2002 msichana Mwingereza aliuawa humo akiogelea. Tena popote penye maji, mtu mzima mmoja asiye na chupa mkononi akae akiwatazama watoto tu. Mtoto anayezama hapigi kelele kama watu wanavyodhani. Hunyamaza na kuteremka, huku wakubwa wakigawana pilau.

Mkisharudi, kila homa ndani ya majuma manne ihesabiwe kuwa ni ya safari mpaka damu iseme vinginevyo. Msingoje kesho. Kipimo cha haraka kinahitaji tone moja la damu kutoka kidoleni, na majibu hutoka kwa muda wa robo saa hivi. Ikiwa ni malaria isiyo kali, mtoto hupewa dawa mseto ya ALu mara mbili kwa siku kwa siku tatu, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, na aimalize hata akianza kucheza siku ya pili. Wazee wangali wanatuuliza habari za klorokwini. Hiyo iliachwa mwaka 2001 kwa sababu vimelea viliizoea, na vidonge vya SP vilivyoifuata navyo viliiachia nafasi ALu kuanzia mwaka 2006. Basi msimpe mtoto masalio ya kabatini. Dawa ya kushusha homa peke yake yatuliza joto tu, nayo inawapotezea siku ile moja ambayo mlikuwa mnaihitaji sana.

Mkifika mapokezi semeni kabla hamjaulizwa: tulikuwa mahali fulani, tulirudi tarehe fulani. Yule binti wa Pangani sasa ni mkubwa, na familia yake haijaacha kusafiri. Mama yake alitueleza kwamba nyuma ya mlango wa jikoni wametundika kalenda. Siku wanayorudi anaizungushia duara kwa kalamu nyekundu, anahesabu majuma manne, na kuzungusha duara la pili.