Uchapaji wa Picha kwa Mikono



Zamani mgonjwa wa kifua kikuu alilazwa miezi mingi. Dawa alipata, uji alipata, lakini siku ilikuwa ndefu mno. Mwaka 1962, katika hospitali ya misheni ya Kilutheri huko Ceza, Afrika Kusini, mume na mke kutoka Uswidi, Peder na Ulla Gowenius, walianza kufundisha kazi za mikono, ili wanawake waliofundishwa waende kuwafundisha wagonjwa mahospitalini. Ceza alikuwapo mgonjwa kijana, Azaria Mbatha. Alijifunza kuchonga picha kwenye linoliamu na kuzichapa, akasimulia habari za Biblia kwa watu wenye sura za Kiafrika. Baadaye kazi ilihamia Rorke's Drift. Mbatha alifariki mwaka 2018, picha zake zikijulikana hata ng'ambo.

Nimeeleza hayo kwa sababu akina mama wengi hudhani kuchapa ni lazima mashine. Sivyo. Hata linoliamu ikikosekana, soli ya ndala kuukuu inatosha kwa kujifunzia. Ioshe, ichore kwa kalamu, kisha chonga. Ulipochonga patabaki peupe. Palipobaki juu ndipo pataingia wino. Paka wino mwembamba kwa sponji au rola, lalia karatasi, halafu isugue taratibu kwa mgongo wa mwiko. Herufi zichongwe kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo. Mama mmoja katika kikundi chetu cha usharika alichonga AMANI, karatasi ikasoma INAMA! Tulicheka hadi machozi, na hakuna aliyesahau tena.

Ndiyo maana napenda mafunzo ya kikundi. Patasi ndogo mbili na rola moja hutumiwa na watu kumi kwa zamu. Mwenye mtoto mchanga hupokewa mtoto. Lakini sipendi mwalimu anayekuja na tembo na twiga tayari ili akina mama wanakili tu kwa ajili ya watalii. Yule anayesema "mimi sijui kuchora" mwacheni achore chungu chake, jembe lake, mjukuu wake. Miaka yote ametazama vitu hivyo; anavijua kuliko mwalimu.

Sasa niseme kama muuguzi. Mkono unaoshika soli ukae nyuma ya kisu daima, usiwe mbele yake. Ukijikata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, na kama hujakamilisha chanjo ya pepopunda, nenda zahanati. Wino usikorogwe katika sufuria ya kupikia. Na wino wa mafuta ukishika mikononi, tafadhali msiuondoe kwa petroli wala mafuta ya taa. Sugua mafuta kidogo ya kupikia, futa kwa kitambaa, kisha nawa kwa sabuni.

Mafuta ya taa ya kusafishia vifaa ndiyo yanayonitia hofu zaidi, maana huwekwa kwenye chupa ya soda, na watoto huwa wanachezea ukumbini humo humo. Yawekwe ndani ya kabati lenye kufuli, katika chombo ambacho mtoto hawezi kukidhania kinywaji. Akiyanywa, msimtapishe kabisa, kwa sababu akitapika yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbizeni hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima, na chukueni chupa hiyo mkaioneshe.