Ndoa Ikivunjika, Duka Lihesabiwe Kwanza

Biashara ya Guangzhou ina desturi yake kwa watu wetu. Mmoja wa wanandoa hukaa kule, akashinda Xiaobei na Sanyuanli, leo soko la mabegi, kesho la nguo, kesho kutwa yuko Foshan anakagua vigae au samani. Mwenziwe yupo Kariakoo au Eastleigh, anapokea mzigo, anauza, anafuatilia waliokopa, anatuma fedha ya mzigo mwingine. Pengine mume ndiye aliye China na mke yupo dukani, pengine ni kinyume chake, kwani wanawake wanaopanda ndege kwenda kununua wenyewe si haba. Mtaji ni mmoja, jasho ni la wawili. Lakini ukiuliza ni wapi palipoandikwa nani ana kiasi gani, utajibiwa: "Sisi ni mke na mume, tuandikishane nini?"

Jibu hilo ndilo ninalolipinga leo, tena kwa nguvu zote. Ndoa huvunjika. Hatuombi iwe hivyo, lakini huvunjika, na biashara isiyoandikwa hugawanywa kwa hasira. Mwenye ufunguo wa stoo huondoka na stoo. Mwenye simu yenye namba za viwanda huondoka na viwanda. Wadai humfuata yule waliyemkuta mlangoni. Mimi nasema duka la watu wawili ligawanywe kwa hesabu iliyo wazi, mbele ya mtu wa tatu, na kabla hesabu haijafungwa pasiwe na wa kuchukua kitu.

Guangzhou yenyewe ina kisa kinachofaa kusimuliwa katika kila nyumba ya wafanyabiashara. Mwaka 1994, katika mji jirani wa Dongguan, Pan Yuhai alishirikiana na dada yake Pan Minfeng na shemeji yake Cai Dabiao kufungua mgahawa wa vyakula vya mvuke. Pan Yuhai alikuwa na nusu, mke na mume wakawa na robo robo. Wakapata kabati la kupikia kwa mvuke linaloongozwa na kompyuta, hata chakula kikatoka na ladha ile ile katika kila tawi bila kumtegemea mpishi bingwa. Biashara ikakua, makao yake makuu yakahamia Guangzhou, na mwaka 2004 ikachukua jina la Zhen Gongfu, jina lililokuja kuonekana juu ya mamia ya migahawa.

Mwaka 2006 Cai na mkewe wakaachana. Mama aliwataka watoto, na ili wabaki kwake akamwachia mumewe robo yake yote ya hisa. Cai akawa na nusu, shemeji yake nusu. Mwaka uliofuata wakaja wawekezaji na yuan milioni 300, na mashemeji wale wakabaki na asilimia 47 kila mmoja, hakuna aliyeweza kumwamulia mwenziwe. Mwaka 2009 Pan Yuhai, mwenye karibu nusu ya mali, alilazimika kwenda mahakamani kuomba aonyeshwe vitabu vya hesabu vya kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Mahakama ya Wilaya ya Tianhe ikampa haki hiyo. Mambo hayakuishia kwenye vitabu. Cai alikamatwa mwaka 2011, na Desemba 2013 akahukumiwa kifungo cha miaka 14 kwa kujimilikisha na kutumia vibaya fedha za kampuni. Rufaa yake ilishindwa mwaka 2014. Mpango wa kuuza hisa kwa umma haukutimia. Watoto walibaki kwa mama, na baba yao akaenda gerezani kwa mashauri yaliyoanzia kwa mjomba wao.

Atasema mtu kwamba hapo kosa ni ulaji wa mali, si talaka. Ulaji wa mali ni kosa, na aliyelitenda alilijibu. Lakini tuitazame ile talaka ya 2006. Yule mama alikuwa na haki mbili: haki ya kulea wanawe na haki ya robo ya mali aliyoichuma kwa mikono yake. Akaitoa moja ili aipate nyingine. Kutoka kwake katika hisa kukawaacha wanaume wawili uso kwa uso, nusu kwa nusu, bila wa tatu.

Nami naomba kina mama wa kwetu wanisikilize hapa. Ni mara ngapi tumesikia barazani mwanamke akisema, "Niachie wanangu, vingine vyote chukua"? Husifiwa kwa maneno hayo, huitwa mwenye subira. Miezi sita baadaye ada ya shule inadaiwa, kodi ya nyumba inadaiwa, na yule aliyechukua vyote amebadilisha namba ya simu. Watoto si malipo ya duka, wala duka si malipo ya watoto. Mzee wa familia anayeketi kusuluhisha, akiona mizani hiyo inaletwa mbele yake, aikatae pale pale.

Sheria zenyewe hazimtaki mtu atoke mikono mitupu. Tanzania ina Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo kifungu chake cha 114 kinaiagiza mahakama itazame mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, na pia madeni waliyoyachukua kwa faida yao wote. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Kenya, Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inahesabu hata usimamizi wa biashara ya familia, ingawa Mahakama ya Juu ilieleza Januari 2023 kwamba usawa wa wanandoa hauna maana ya kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja. Mchango sharti uthibitishwe. Utauthibitishaje bila karatasi? Na China kwenyewe, Kanuni ya Sheria za Kiraia iliyoanza kutumika 2021 inaruhusu anayeficha mali wakati wa talaka apunguziwe fungu lake au akose kabisa.

Sasa tuje kwenye mzigo, maana hapo ndipo watu huumizana. Siku mnayoachana, mali yenu haiko dukani tu. Kiwanda kimeshalipwa asilimia 30 na kinangoja 70 kabla ya kupakia. Mabunda mengine yako kwa wakala wa mizigo yakisubiri kontena lijae. Kontena jingine liko baharini, jingine liko bandarini Dar es Salaam likingoja ushuru. Kuna wateja wa mikoani waliochukua kwa mali kauli, na kuna fedha ndani ya WeChat ya mtu mmoja. Chagueni siku moja ya kufunga hesabu, muandike yote hayo kwa gharama iliyolipwa, si kwa bei mnayoitumainia, na kando yake muandike madeni. Kisha mmoja amnunue mwenziwe kwa awamu zenye tarehe, au mgawane njia: huyu abaki na viatu, huyu na mabegi. Mkiwa na kampuni iliyosajiliwa kule, mkumbuke kwamba muhuri wake ndio sahihi yake. Mwaka 2020 Li Guoqing, aliyeianzisha Dangdang ya Beijing pamoja na mkewe Yu Yu, aliingia ofisini na kuondoka na mihuri ya kampuni, wakati shauri la talaka yao bado likiendelea. Muhuri uwekwe kwa mtu mnayemwamini wote wawili tangu siku ya kwanza ya ugomvi.

Na ninyi ambao ndoa yenu ina heri, msione kuandikiana ni uchuro. Waislamu miongoni mwetu wanajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ndani ya sura ya Al-Baqarah, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Basi kaeni chini kabla ya safari ijayo. Andikeni nani alitoa kiasi gani, nani anafanya kazi gani, na mmoja akitaka kutoka atalipwaje. Nakala moja ibaki Kariakoo, nyingine iende Guangzhou, ya tatu awe nayo shahidi.