Rangi ya Nguo na Jicho la Jirani



Siku hizi zinapita katika simu zenu picha nyingi zinazofundisha kwamba kila rangi ina siri yake: atakaye kuheshimiwa avae nyekundu, atakaye kuaminiwa avae buluu, na kadhalika. Wengi wenu mmezishika kama katekisimu. Hatusemi kwamba ni uongo mtupu. Tunasema zinaitafuta nguvu ya rangi mahali isipokaa.

Tuitazame nyekundu. Mwaka 2005 wataalamu wawili wa Uingereza, Russell Hill na Robert Barton, waliandika kwamba katika ngumi, mieleka na taekwondo za Olimpiki ya Athens ya mwaka 2004, waliovaa nyekundu walishinda takriban mapambano 55 katika kila 100 dhidi ya waliovaa buluu, ingawa rangi hizo ziligawiwa kwa bahati tu. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba nyekundu humtia mvaaji ujasiri. Lakini mwaka 2008 wataalamu wa Ujerumani waliwaonyesha waamuzi 42 wa taekwondo filamu za mapambano, na rangi za wapiganaji zikabadilishwa kwa kompyuta. Mpiganaji ni yule yule, teke ni lile lile, ila sasa amevikwa nyekundu. Naye akapewa alama zaidi. Pale, nguvu ya rangi ilikuwa jichoni mwa mwamuzi.

Na jicho hufundishwa. Nyeupe kwetu ni ubatizo na arusi. Katika mapokeo ya Wachina ni rangi ya matanga. Nyekundu hiyo hiyo inayosifiwa kwenye simu, padri anaivaa tarehe 1 Desemba tunapomkumbuka Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964, na hakuna Mkristo kanisani anayewaza ukubwa wala majivuno. Anaona damu ya shahidi. Tena mkumbukeni Mwenye Heri Isidore Bakanja, kijana fundi muashi. Skapulari ya Karmeli aliyoivaa ni vipande viwili vidogo vya kitambaa cha kahawia, rangi ambayo walimu wa simu hawaipi sifa kubwa. Kwa ajili ya hiyo alichapwa viboko vya kikatili, akafa kwa majeraha yake mwaka 1909.

Tumeyaandika haya kwa sababu sikukuu inapokaribia, kamati hukaa, na daima yupo anayesimama kusema: mwaka huu tuvae zambarau, ni rangi ya kifalme. (Kanisani zambarau ni rangi ya Majilio na Kwaresima, lakini tuyaache hayo.) Kitenge kinachaguliwa, bei inatangazwa, na malipo ya fundi yanakuja juu yake. Siku yenyewe tunapanga safu na kuona mapengo. Wasiokuja hawakuugua. Kijana aliyekimbia vita na wazazi wake, ambaye bado analala sebuleni kwa ndugu, angeipata wapi pesa hiyo? Akija na nguo yake ya kila siku, jicho letu lililofundishwa kuona zambarau litamwona kama doa. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya barua yake, aliwakemea Wakristo waliompa mwenye nguo za kung'aa kiti kizuri na kumwacha maskini asimame. Sisi tumefika mbali zaidi: maskini wetu amebaki nyumbani.

Watakaojibu kwamba sare hutuunganisha wana haki, na skafu ya chama inapendeza shingoni. Hatuombi kila mmoja avae apendavyo. Tunaomba kamati ianze na swali jingine: badala ya kuuliza rangi hii inasema nini juu yetu, iulize ni rangi gani ambayo tayari imo katika nyumba za vijana wote. Shati jeupe la shule limo katika nyumba nyingi. Si zote, maana wapo walioacha shule kwa kukosa karo. Hao waazimwe kimya kimya, bila kutajwa mbele ya kikundi. Na kama sikukuu inadai rangi, mafundi wa cherehani wana vipande vya kitenge vinavyobaki sakafuni kila jioni. Ukanda mmoja wa kufunga mkononi unatosha, nao wengi wao watautoa bure wakiombwa mapema.