Rufiji kwa boti: ukinuna, utashukia wapi?

Mwezi huu nawapeleka mtoni, na si Msimbazi, jamani, msikunje pua.

Kila ikikaribia Juni maongezi ya ofisini huwa yale yale. Nani anakwenda Dubai, nani amepata bei nzuri ya Zanzibar, nani bosi kamnyima likizo. Kwetu nyumbani mwaka jana ilikuwa hivyo hivyo. Mimi Dubai ilikuwa kichwani mpaka nimeshachagua nguo. Mzee wangu kimya. Nikadhani ni ubahili wake wa kawaida. Siku moja tunakula akasema, "Twende Rufiji siku tatu, tukapande boti." Nilimwangalia kama mtu aliyeambiwa tukahemee. Rufiji? Ule mto tunaouvuka darajani tukienda misibani Lindi?

Na hapo ndipo wengi wetu tulipo. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, tangu hapo tunapita juu yake mbio mbio, hakuna anayegeuza shingo kuuliza haya maji yanatoka wapi.

Watoto tukawaacha kwa bibi yao Mbagala, Ijumaa alfajiri tukashika njia ya Kibiti. Mpaka hapo lami. Ukiacha barabara kuu kuelekea Mloka, vumbi lilituelimisha. Nilifika nywele zimebadilika rangi, nimenuna, najiuliza Dubai yangu imekufaje hivi hivi. Hoteli tulizoziona zimepangana nje ya hifadhi, kando ya mto, si mbali na lango la Mtemere. Ukishuka tu garini unausikia mto kabla hujauona, maana viboko wanakoroma mchana kweupe kama wajomba waliokula pilau.

Sasa tuelewane mapema. Usitegemee meli yenye vyumba na bwawa la kuogelea kama zile za Misri zinazotembea kati ya Luxor na Aswan. Hapa unalala nchi kavu, kwenye hema au banda, mtoni unaingia kwa boti asubuhi na jioni, saa mbili tatu kila safari. Boti yenyewe ni ya bati, pana chini, ina paa la turubai na viti vichache, injini nyuma. Kwa macho haina lolote. Mimi nilipoiona niliuliza boti yenyewe iko wapi.

Lakini ikishaingia kwenye maji, shosti, ni habari nyingine. Hapo uko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019 kutokana na sehemu ya lile Pori la Akiba la Selous, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, kubwa kuliko hifadhi zote za taifa tulizonazo. Mto unaanzia pale Kilombero na Luwegu zinapokutana, unaongezewa Ruaha Mkuu, unapita kwenye bwawa la umeme la megawati 2,115 lililoanza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024, halafu huku chini unatulia, unajitanua, unaachia maziwa kama Tagalala, Manze na Nzerakera pembeni, kisha unaendelea zake mpaka kwenye mikoko mkabala na Mafia. Mivumo imesimama kwenye kingo, mingine imebaki magogo matupu, na juu yake furukombe kakaa na kile kichwa cheupe, anawaangalia kama mwenye nyumba.

Kwenye gari la utalii unarushwa rushwa, na akionekana simba mmoja magari yanabanana kama kituo cha Ubungo cha zamani. Kwenye boti mnaletwa polepole na maji. Tembo anayekunywa ukimtazama kutoka chini, usawa wa maji, unaona mpaka kope zake. Mamba unamdhania gogo mpaka gogo litelezee majini. Hakuna anayekuharakisha, na nahodha akizima injini unasikia hata maji yanavyopiga ubavu wa boti.

Ilikuwa jioni ya pili. Wageni wengine walichagua gari, tukabaki sisi wawili na nahodha, kijana wa pale pale Mloka. Jua limeshuka, injini imezimwa, mbele yetu kundi la viboko, masikio tu na macho juu ya maji. Simu zilishakata mtandao kitambo. Mzee wangu akasema, bila kunigeukia, "Mke wangu, kuna jambo nimekaa nalo tangu Januari."

Hati ya kiwanja chetu cha Kigamboni ilikuwa kwa watu. Alimdhamini rafiki yake, biashara ya rafiki ikafa, deni likabaki mlangoni kwetu.

Najijua. Ingekuwa nyumbani ningefunga mlango wa chumbani kwa kishindo, nampigia dada yangu, na kabla ya saa nne usiku ukoo mzima una taarifa. Au nachukua funguo za gari naenda kwa mama. Pale nikaangalia kulia, viboko. Kushoto mamba kajilaza mchangani, mdomo wazi. Nikasema, "Nahodha, turudishe." Yule kijana kwa adabu zote akajibu, "Mama, tusubiri kidogo. Yule dume amekaa njia yetu, nikiwasha sasa hivi atashtuka."

Basi tukasubiri. Kiboko anazama, unahesabu dakika, anaibuka mahali pengine anapuliza maji. Amezama tena. Ameibuka. Hasira nayo, msomaji wangu, ikikosa mlango wa kupigiza inachoka. Nikauliza, "Kiasi gani?" Akanitajia. Nikauliza kwa nini hakusema miezi yote ile. Akanijibu jibu ambalo mpaka leo sijalisahau: "Kila nikitaka kusema, simu inalia, au mtoto anaita, au umerudi umechoka. Na kila ilipotokea hivyo, nilishukuru."

Hapo na mimi nikabanwa, maana nilikuwa na la kwangu. Zile pesa za Dubai sikuzipata kwenye mshahara. Nilikuwa nacheza upatu wa kazini mwaka wa pili, yeye hajui hata senti. Nikamwambia. Akacheka, nikakasirika kwamba anacheka, halafu na mimi nikacheka. Nahodha wa watu muda wote huo kageukia upande wa pili, anahesabu ndege ambao sidhani kama walikuwepo. Bakshishi yake tuliitoa kwa moyo mweupe.

Simwambii mtu abebe siri akaitapike mtoni. Kuna wanaokwenda pale wakaangalia ndege tu, wakarudi na picha nzuri, safi kabisa. Ila kuna jambo ambalo hoteli yenye maua kitandani na taulo zilizokunjwa mabata haikupi: mnakaa bega kwa bega, mnatazama mbele pamoja, hamna cha kushika mkononi wala pa kukimbilia. Kwa sisi tunaoonana kwenye foleni ya Mbezi na kitandani tukiwa tumezimia, hiyo ni anasa.

Ukitaka kwenda, nenda kati ya Juni na Oktoba, wakati wa kiangazi, wanyama wanaposogea mtoni. Machi mpaka Mei mvua ni kubwa, barabara inakuwa kasheshe na kambi nyingi hufunga. Beba kitambulisho cha taifa, maana Mtanzania ana kiingilio chake, cha chini kuliko cha mgeni. Ukipiga simu kuuliza bei, uliza kabisa kama kiingilio cha hifadhi na boti vimo ndani yake, na kama boti ni yenu peke yenu au mnachanganywa. Sisi hatukuuliza, tukajikuta tunaongezea palepale. Nguo nyeusi na bluu iliyokoza acha nyumbani, mbung'o wanazipenda kuliko wewe. Jioni vaa mikono mirefu, na kinga ya malaria muulize daktari mapema, siyo mkiwa Kibiti.

Na ukiwa kwenye boti usisimame kupiga picha bila kumwambia nahodha. Mzee wangu alijaribu siku ya kwanza, akafokewa na kijana wa umri wa mdogo wake wa mwisho, akakaa.

Pesa ya upatu ilikwenda kwenye deni. Marejesho yamebaki manne, hati ikirudi nitawaambia. Dubai bado naitaka.