Theluji Haijui Fahari

Wako wadhanio kuwa gari la mbio, la bei kubwa na injini kali, halifai kutembea penye theluji. Björn Waldegård wa Uswidi aliwakanusha. Mwaka 1969 na 1970 alishinda mashindano ya Monte Carlo akiendesha Porsche 911 katika milima yenye barafu. Ndiye yule aliyeshinda pia Safari Rally ya Kenya mara nne, 1977, 1984, 1986 na 1990, katika vumbi na matope.

Gari lile lilisaidiwa na umbo lake. Injini hukaa nyuma, na uzito wake huyakandamiza magurudumu yasukumayo, yasizunguke bure. Lakini injini si kitu bila mpira. Matairi ya kiangazi huanza kuwa magumu joto lishukapo chini ya nyuzi 7 hivi za sentigredi, hata kama theluji haijaanguka. Ya baridi hubaki laini, yakaishika barabara. Na gari zima hugusa ardhi kwa sehemu nne tu, kila moja yakaribia ukubwa wa kiganja.

Basi wewe mzazi mwenye kijana ng'ambo, akikuandikia kuwa amenunua gari la fahari, usimwulize lakimbia kasi gani. Mwulize limevaa matairi gani. Juu ya theluji kuondoka kwaweza kuwa rahisi. Kazi ni kusimama, na mtoto avukaye njia haokolewi na bei ya gari.