Ukame Kivu Kusini: mbegu ifike kabla ya mvua

Katika milima ya Bushi, msimu A unaanza mwezi wa Septemba. Mkulima wa Kabare au Walungu anapanda maharagi mvua za kwanza zinapoanguka, na ikifika Januari awe amevuna. Mambo yanaharibika pale mvua inaponyesha juma moja, mbegu inaota, kisha jua linawaka majuma matatu mfululizo. Maharagi yanakauka yakiwa na majani mawili tu. Mvua inarudi, udongo unalowa tena, lakini mkulima hana cha kupanda. Mbegu yake ilikuwa ile aliyoiweka kando badala ya kuipika, na yote imekwisha shambani.

Huo ndio ukame wa hapa. Haufanani na ule wa Turkana, nchini Kenya, ambako misimu inapita bila mvua na mifugo inaanguka njiani. Kwa sehemu kubwa ya Kivu Kusini, hasara inatokana na pengo la siku 20 au 30, na pengo kama hilo linazibwa na ghala la mbegu lililo karibu. Mulungu, katika Kabare, kuna kituo cha utafiti cha INERA, kazi iliyoanza tangu enzi za Wabelgiji. Watafiti wake wameshughulika miaka mingi na maharagi na mihogo. Elimu basi ipo, tena si mbali na Bukavu. Kinachokosekana ni mbegu ya pili, ile ambayo mama wa Nyangezi angeipata mwezi wa Oktoba, kwa bei nafuu au kwa mkopo wa kulipa akivuna.

Msaada ambao watu wameuzoea ni ule wa baadaye, na mara nyingi unatoka kwa mashirika ya kigeni. Mbegu ikifika msimu umepita inaingia chunguni, na hakuna haki ya kumlaumu aliyeipika wakati watoto wana njaa. Halafu ripoti inaandikwa kwamba wakulima wamesaidiwa.

Wenye kuumia zaidi hawana hata shamba lao. Wengi katika Bushi hawana kalinzi, ile haki ya kudumu juu ya ardhi inayotoka kwa mwami. Wanalima kwa bwasa, yaani wanakodi kipande kwa muda mfupi na kulipa kwa pesa, kwa kazi au kwa sehemu ya mavuno. Jua likichoma, wamepoteza mbegu, nguvu na kodi kwa pamoja. Mpango wowote utakaomtaka mkulima aonyeshe hati ya ardhi kabla ya kuandikishwa utawaacha nje hao hao.

Huku chini, katika uwanda wa Ruzizi, shida ina sura nyingine. Kutoka Kamanyola kuelekea Luvungi, Sange na Kiliba mvua ni haba kuliko milimani. Lakini maji yapo. Ruzizi yenyewe inatoka Ziwa Kivu palepale Bukavu na kutiririka mwaka mzima hadi Tanganyika, na mito mingine inashuka kutoka milimani ikikatiza uwanda. Mpunga na mahindi kukauka kando ya mto ni aibu, na aibu hiyo haiwezi kusingiziwa mbingu. Mifereji inahitaji kuzibuliwa, kingo kujengwa, na mtu anayelipwa kuilinda. Kazi hiyo haina sifa mbele ya kamera, labda ndiyo maana inaahirishwa kila mwaka.

Kwenye karatasi, serikali ilikwisha kuahidi. Sheria ya kilimo ya Desemba 2011 iliweka mfuko wa taifa wa maendeleo ya kilimo. Huko Maputo, mwaka 2003, nchi za Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, na Kongo ilikuwemo. Rais Tshisekedi amerudia mara nyingi kwamba udongo wa juu utalipiza kisasi kwa utajiri wa chini ya ardhi. Mkulima wa Walungu bado anasubiri kisasi hicho kifike kwenye jembe lake.

Watasema vita. Ni kweli: tangu Februari 2025, AFC/M23 ilipoingia Bukavu, ofisi za serikali ya jimbo zilihamia Uvira na benki za mji zikafunga milango. Lakini vita havijazuia kutoza. Gunia la muhogo linalokwenda soko la Kadutu linalipiwa kwenye kizuizi, linalipiwa tena sokoni, yeyote anayeshika barabara siku hiyo. Anayechukua pesa ya mkulima, awe ametumwa na Kinshasa au amejiweka mwenyewe, ana deni kwake. Kuondoa vizuizi kwenye njia za mazao wakati wa ukame ni msaada usiohitaji bajeti wala mfadhili, na ungeonekana katika bei ya maharagi pale Nyawera ndani ya siku chache.

Kuna jambo chungu kulitaja wakati huu. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda ilianzisha mwaka 2019 bima ya kilimo ambamo serikali inalipa asilimia 40 ya mchango wa mkulima. Uadui haubadili hesabu. Huyu akipigwa na jua ana pa kuanzia tena, yule wa Kamanyola anauza mbuzi wa mwisho.

Bima itachukua miaka, na bila benki haianzi. Ghala la mbegu halihitaji miaka. Wakaguzi wa kilimo wanajua vijiji vilivyopoteza maharagi msimu uliopita, vyama vya wakulima vina orodha za wanachama, na Radio Maendeleo inaweza kutangaza utabiri wa METTELSAT kwa Kiswahili na Mashi kila jioni, ili mtu ajue kama mvua ya kwanza ni ya kupandia au ni ya kungojea. Mbegu zinunuliwe Juni na Julai, wakati mavuno ya msimu B yako sokoni na bei iko chini, tena zinunuliwe kwa wakulima wa jimbo hili hili. Kufikia Septemba ziwe Kabare, Walungu, Kalehe na Uvira, zikingojea pengo la Oktoba.